Mpangilio wa Murabaha: Pale Biashara Inapogeuka Riba

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu, kwamba riba ni haramu kila aliyeketi hapa anajua. Leo tuufungue mkataba wa murabaha, yaani benki kununua bidhaa kisha kukuuzia kwa faida inayojulikana, ambao wengi mnautia saini mkitaka gari au mali ya duka.

Mfanyabiashara wa Eastleigh anahitaji vitambaa vya shilingi 1,000,000. Kwanza anaiahidi benki kwamba atanunua. Ni ahadi tu, mauziano bado. Benki inavinunua na kuvimiliki. Vikiungua ghalani kabla hajauziwa, hasara ni ya benki. Ndipo inamuuzia kwa 1,120,000, tuseme, alipe kwa miezi 12, na bei hiyo haipandi hata akichelewa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza sahaba wake Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Kwa hiyo faida ya benki inahalalika kwa sababu imemiliki na kubeba hatari, hata kama ni kwa siku mbili.

Kinachoharibu ni mpangilio. Karatasi zote zinatiwa saini kwa mkao mmoja. Au pesa zinaingia kwenye akaunti ya mteja, eti yeye ni wakala wa benki, na risiti ya muuzaji haionekani kamwe. Au vitambaa vilishanunuliwa mwezi uliopita, na kinacholipwa ni deni la zamani. Hapo hakuna kilichouzwa; ni mkopo wenye nyongeza. Faini ya kuchelewa nayo, ikitozwa, iende sadaka. Ikiingia kwenye mapato ya benki, ni riba ile ile ya jahiliya, zama za kabla ya Uislamu.

Serikali nayo imo. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Benki ya Kenya kinazuia benki kufanya biashara ya jumla au rejareja, na murabaha ni biashara. Ilibidi njia ifunguliwe ndipo benki za Kiislamu, Gulf African Bank na First Community Bank, zikaanza kazi mwaka 2008. Kwenye nyumba kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini. Nyumba ya 10,000,000 ikihamishwa kwa benki kisha kwa mnunuzi, pasipo msamaha, ushuru ni 800,000 badala ya 400,000. Muumini anatozwa kwa kukwepa haramu! Mswada wa fedha ukifika Bungeni, tuusome kwa jicho hilo.

Na wewe, kabla ya kutia saini, omba ankara ya muuzaji yenye jina la benki kama mnunuzi. Tarehe yake itangulie ile ya mkataba wako wa mauziano. Isipotangulia, usitie saini. Iandikie bodi ya sharia ya benki hiyo, udai jibu la maandishi.