Kinachoua Yuka Kaskazini Ni Maji

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na nitalisema tena mpaka watu waache kununua mablanketi ya mimea kila Novemba. Yuka, mimea ya mapambo yenye majani magumu kama panga, zile zenye shina, zinazokufa katika bustani za nchi za baridi za kaskazini, huuawa kwanza na maji. Baridi huja kumalizia tu.

Tazameni kwao ni wapi. Yucca rostrata, ile yenye shina moja na kichwa cha duara cha majani ya rangi ya samawati, hutoka Big Bend kule Texas, na Coahuila na Chihuahua nchini Meksiko. Usiku wa Januari huko huganda, lakini sehemu kubwa ya mvua hunyesha kati ya Mei na Oktoba. Mmea uliokomaa, ukiwa mkavu, huvumilia hadi karibu nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Huo huo, mizizi ikilowa miezi minne mfululizo katika udongo wa mfinyanzi wa London au Amsterdam, huoza kwa baridi isiyofika hata nusu ya hiyo.

Kuna atakayeniuliza: mbona Denver, kule Marekani, zinastawi, na theluji iko tele? Denver, mvua na theluji kwa pamoja hazifiki milimita 400 kwa mwaka, na jua lake la majira ya baridi hukausha ardhi upesi. Mfano huo unaniunga mkono.

Basi tuingie kazini. Chimbeni shimo la sentimita 30 kila upande, lijazeni maji, yakiisha jazeni tena. Saa moja baadaye, kama maji hayajashuka walau sentimita 5, msipande hapo chini. Na tafadhali, msimwage kokoto chini ya shimo mkadhani mmetibu! Shimo lenye kokoto katikati ya mfinyanzi ni beseni: maji ya bustani nzima yatakimbilia humo na kutulia, na mizizi imo ndani. Kila mwaka nalisema hili, na kila mwaka naonyeshwa shimo jingine lenye kokoto.

Dawa ni kupanda juu, si chini. Inueni tuta la kimo cha sentimita 40 hadi 60, upana mita moja na nusu au zaidi, mbele ya ukuta unaopigwa na jua la kusini. Changanyeni sehemu 3 za kokoto ndogo za milimita 5 hadi 10, sehemu 2 za mchanga wa chenga kubwa, na sehemu 1 ya udongo wa bustani. Mboji hapana, samadi hapana. Zote mbili hushika maji. Udongo mweusi mwororo uliokuja na mmea kwenye chungu uondoeni, hata kwa kuuosha kwa mpira wa maji, kwa sababu ukibaki utakuwa bonge la unyevu katikati ya kokoto. Shingo ya mmea, pale shina linapokutana na mizizi, ikae juu kidogo ya tuta, kisha izungushieni kokoto tupu, unene wa sentimita 5.

Pandeni Mei au Juni. Yuka kubwa zinazouzwa mara nyingi zimeng'olewa zikakatwa mizizi, nayo mizizi mipya huota udongo ukiwa na joto. Ukipanda Septemba, mmea unaingia baridini bila mizizi.

Halafu paa. Kuanzia Novemba hadi Machi, wekeni juu ya kichwa cha mmea bati la plastiki linalopitisha mwanga, kwenye nguzo nne, pande zote wazi ili upepo upite. Maji yakituama kwenye moyo wa mmea, yataganda na kupasua majani machanga, na ukungu utaingilia hapo hapo. Kuufunga mmea kwa nailoni ni kuufungia unyevu huo ndani. Blanketi linafaa kwa mche usio na shina bado, usiku wa baridi kali tu, na asubuhi linaondolewa.

Muda unaniishia, nipite mbio. Yuka ya sebuleni, Yucca gigantea, haihusiki hapa ingawa ina shina. Hiyo ni ya Amerika ya Kati na baridi ya nje huko kaskazini itaiua. Yucca elata nunueni ikiwa ndogo, mizizi yake ni mirefu na haipendi kuhamishwa. Kiangazi mwagilieni yuka vizuri; hapo ndipo inapokunywa. Mbolea mwisho Julai. Na kwa mliozoea mkonge wa Tanga, ambao ukishatoa mlingoti wake wa maua hufa: yuka haifi, shina huendelea, mara nyingi kwa kuchipua matawi. Isipozaa mbegu Ulaya msihangaike, nondo wanaochavusha maua yake wako Amerika.

Machi ikiisha, ondoeni paa na mvute taratibu jani la katikati. Likitoka laini na linanuka, kateni shina kwa kisu safi mpaka mfike kwenye nyama nyeupe ngumu, kisha liacheni likauke chini ya paa. Msing'oe kisiki kabla ya mwisho wa Julai. Mara nyingi machipukizi hutokea pembeni au chini kwenye shina, na hayo yatakuwa na mizizi ambayo tayari inajua njia.