Jabari Utosini: Kupiga Picha ya Nebula Ukiwa Uani Moshi

Habari za jioni, karibuni. Leo tunapiga Nebula ya Jabari, wingu la gesi na vumbi katika kundi la nyota la Jabari (Orion). Wengi mmekuja mkidhani adui ni taa za mji. Taa ni kero kweli, lakini kinachoharibu picha nyingi hapa Moshi ni kukosa ncha ya anga, yaani mahali ambapo nyota zote huonekana kuizunguka, na ambapo mashine ya kufuatia nyota lazima ielekezwe. Tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, hivyo ncha ya kusini iko nyuzi 3 tu juu ya upeo, nyuma ya migomba na paa la jirani. Nyota ya Kaskazini nayo haichomozi kabisa. Ncha hiyo mtaipata kwa kupima, si kwa macho.

Sawazisha stendi kwa pimamaji. Mhimili wa mashine ya kufuatia nyota uelekee kusini, uinuke nyuzi 3, yaani karibu ulale. Pembe ipime kwa simu uliyoilaza juu yake. Dira ishike mbali na chuma, la sivyo itakudanganya. Kisha iache mashine ifuatie nyota iliyo utosini kwa dakika 5, ukiitazama. Ikihama kuelekea kaskazini au kusini, sogeza mhimili kidogo kushoto au kulia, ujaribu tena. Uhamaji ukizidi, umekosea upande. Rudia kwa nyota ya mashariki, safari hii ukiinua au kushusha mhimili. Msione uvivu: mhimili ukikosea nyuzi 1, nyota inaweza kuhama sekunde 16 za tao kila dakika (sekunde ya tao ni sehemu 1 kati ya 3,600 za nyuzi 1). Kwa lenzi ya milimita 135 hizo ni pikseli mbili na nusu hivi. Nyota inakuwa punje ya mchele.

Malipo ya usumbufu huo ni Nebula ya Jabari, yenye namba M42 katika orodha ya Messier, iliyo umbali wa miaka nuru 1,350 hivi. Kwetu hupita karibu na utosi, mahali hewa ni nyembamba na mng'ao wa mji hafifu. Katikati ya Januari hufika huko saa nne na nusu usiku. Katikati ya Februari, saa mbili na nusu.

Piga kwa tundu la lenzi f/4, wepesi wa kuhisi mwanga ISO 800, sekunde 60, fremu 120, faili ghafi (RAW). Kiini cha nebula kitaungua, yaani kitakuwa cheupe tupu, kwa hiyo ongeza fremu 20 za sekunde 5. Mwishoni funika lenzi, upige fremu 20 za giza, za kuondolea madoa ya kamera, kwa mipangilio ileile, kamera ikiwa bado na ubaridi uleule. Unganisha zote kwa Siril, programu ya kompyuta, ni bure. Rangi itatoka ya waridi, si nyekundu, kwa sababu kichujio cha kamera ya kawaida huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa haidrojeni, nanomita 656.

Taa ya ulinzi ya jirani? Mwombe aizime. Umeme ukikatika, usinung'unike, kimbilia uani.

Na nyota zikianza kuvimba usiku wa manane, usikimbilie fokasi kabla ya kumulika lenzi kwa tochi: huenda ni umande. Usiufute kwa kitambaa. Upulizie kikausha nywele, kwa moto mdogo.