Kihisi kimepima miguu ya nani?

Hapana, usinioneshe kwanza bei ya kifaa cha kumpima nyumbani mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, ili tujue kama dawa inamsaidia. Niambie: nkambo, yaani babu au bibi, ambaye hali yake haijabadilika, akipimwa wiki hii na wiki ijayo, kinatoa jibu lilelile? Nimeliuliza swali hili hapa Lubumbashi mpaka wanafunzi wangu wananimalizia. (Kicheko.) Cheka tu, nitalirudia.

Watafiti wa Oregon, Marekani, walifunga vihisi darini nyumbani kwa wazee. Mzee akipita, kasi ya mwendo wake inahesabiwa bila yeye kuombwa chochote. Kazi nzuri, naiheshimu, maana mwendo unaweza kuzorota kabla kumbukumbu haijapotea. Ila wengi wa wazee wale waliishi peke yao. Haya, kilete kihisi hicho Katuba, hapa hapa Lubumbashi, kwenye parsele moja, kiwanja kimoja cha familia: nkambo, mke wake, watoto wa marehemu dada, mpangaji, na mjukuu anayekimbilia choo. Jua halijachomoza, ukumbi umeshapitwa mara ngapi? Halafu ripoti inatoka: mgonjwa anatembea upesi, dawa imefanya kazi! Dawa gani? Ni mjukuu.

Najua, daktari pale nyuma atasema vipimo vikiwa vingi makosa yanafutana. Yanafutana yale ya kubahatisha: leo malaria, kesho uchovu wa kukesha matangani. Kosa linaloegemea upande mmoja halifutiki hata upime miaka 10.

"Basi avae saa mkononi." Umeme ukikatika ataichaji wapi? Tena haivui siku yoyote tu, anaivua siku akili imemvurugika. Kwa hiyo siku tunayoitafuta ndiyo inayokosekana kwenye takwimu, na wastani unabaki mzuri!

Mnaona nakuza jambo? Jaribio la lecanemab, dawa ya ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, lililotangazwa 2022 lilikuwa na watu 1,795 kwa miezi 18, na tofauti kati ya dawa na dawa bandia ilikuwa 0.45 kwenye kipimo cha ukali wa ugonjwa chenye alama 18. Kifaa kinachoyumba kingeimeza tofauti hiyo mzima mzima. Sisemi mahojiano ya kliniki ni salama, nayo hutegemea mgonjwa alilalaje na nani anauliza. Ndiyo maana vifaa vya nyumbani navitaka. Navitaka vikiwa vimejaribiwa kwanza ndani ya parsele zetu.

Kuhusu faragha… mwenyekiti ananionyesha saa. Kisanduku cha vidonge chenye kihisi, kwa haraka: kinajua kimefunguliwa, hakijui nani amemeza. Maswali.