Mwacheni Mtoto Asome Bila Kuulizwa

(Mhadhara kwa walimu na wazazi, Tanga)

Asanteni. Mshereheshaji kanitambulisha kuwa mhariri wa miaka mingi, akasahau kazi yangu ya kwanza ya maandishi: kusokota karatasi za karanga. Walionisikia mahali pengine wanaijua habari hii. Wavumilie, au watoke wakanywe chai, wakirudi watanikuta papo hapo.

Mama yangu alikuwa akiuza karanga Ngamiani, thumni thumni, kwenye karatasi iliyosokotwa kama pembe. Karatasi tulinunua kwa kilo: magazeti makuukuu, madaftari ya waliomaliza shule, mafaili ya ofisini yaliyotupwa. Kusokota ilikuwa kazi yangu, nami nilikuwa na ugonjwa: sisokoti mpaka nimesoma. Mama anapiga kelele, "We mtoto, wateja wamesimama, wewe unasoma mashauri ya watu!"

Na kweli lilikuwa shauri. Ukurasa mmoja wa kesi ya talaka, hauna kichwa wala miguu. Mke kasema yake yote, mume ndiyo kwanza anafungua mdomo, karatasi ikaisha. Usiku nililala namtungia yule bwana majibu. Siku ya tatu, ndani ya rundo lile lile, ukurasa uliofuata ukatokea! Mume kajibu vingine kabisa, tena kwa maneno machache na makali kuliko yangu yote. Nilikasirika kama niliyeibiwa. Nilikuwa na miaka tisa.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja, baharia mstaafu, mteja wetu wa kila jioni. Anakula karanga, anakunjua karatasi, anavaa miwani, anasoma. Siku moja karudi mbio mbio. Mama akadhani kapata jiwe. Kumbe anauliza, "Binti, ukurasa wa pili unao?" Ilikuwa hadithi ya mfululizo gazetini, na mwizi ndiyo kwanza yuko juu ya ukuta. Nikapekua rundo, haupo. Nikakumbuka: nimemfungia jirani karanga zake. Tukaenda mimi na mzee, hodi hodi, tukakuta karatasi imeshawashia jiko. Basi tukakaa barazani tukabishana mpaka adhana ya magharibi. Yeye anataka mwizi aanguke afe. Mimi nataka aingie ndani, amkute binti, waoane. Mzee akaniambia, "Wewe hujui ukuta ule una urefu gani." Akanirudisha kwenye sentensi: mwandishi alishasema ukuta una vipande vya chupa juu. Nilikuwa nimeipita.

Pale ndipo nilipojifunza uhariri. Chuoni nilifundishwa alama za kusahihishia, na nashukuru, lakini kujua kwamba habari imeanzia katikati, kwamba mtu fulani katajwa aya ya tano na hatukuwahi kuonana naye, kwamba chupa zilitajwa halafu zikasahauliwa, hayo nilikuja nayo kutoka kwenye karanga.

Na hakuna aliyeniuliza swali! Ndugu walimu, hapa ndipo ninapogombana nanyi kila mwaka. Mama angeniambia, "Haya, taja sababu tatu zilizomfanya mke adai talaka," wallahi ningesokota karatasi nimefumba macho. Ninyi mnampa mtoto kifungu cha mistari kumi na mitano, chini yake maswali kumi. Anajifunza kwamba kusoma ni mtego. Anaanza na maswali, anavizia majibu, kifungu chenyewe hakisomi.

Namwona mwalimu pale anatikisa kichwa. Najua: bila maswali utajuaje kama kaelewa? Hutajua. Mbona akitoka kucheza mpira humwambii ataje faida tano za kona?

Halafu lile kabati. Shule niliyosoma, siitaji, ilikuwa na kabati la vitabu vya hadithi lenye kufuli, ufunguo kwa mwalimu mmoja, ili visichafuke. Lilipofunguliwa mchwa walikuwa wametutangulia kusoma, na wao hawakuwa wameomba ufunguo.

Tanga hapa nisipomtaja Shaaban Robert sitatoka salama. Mtoto wa Vibambani, kazaliwa 1909, shule aliiacha 1926 akaingia ukarani wa forodha. Chuo kikuu hakukanyaga. Lakini anayekijua kisa cha Abdalla bin Fadhil katika Alfu Lela Ulela, kisha akafungua Adili na Nduguze ya 1952, anajua Shaaban alisoma nini. Kule ndugu wawili wabaya wanageuzwa mbwa na kuchapwa kila usiku. Huku wanageuzwa manyani. Mtu aliyesoma ili ajibu maswali angewaacha mbwa wakabaki mbwa. Nyani ni wetu: ana mikono kama yako, anakutazama kama mtu, kumchapa huyo kila usiku ni mzigo mwingine. Ningeweza kukaa kwenye nyani hawa mpaka kesho. Unguja yupo Muhammed Said Abdulla, aliyeanza kazi idara ya afya kabla ya kuingia magazetini, naye akatuletea mpelelezi wa hadithini, Bwana Msa na kiko chake. Ukimwangalia vizuri unamwona Sherlock Holmes kavaa kanzu. Nampita, muda hauniruhusu.

Lingine ni sikio. Juzi mwandishi kijana kaniletea, "Mvua kubwa imepelekea vifo." Alitaka kusema imesababisha. Nikamuuliza, imevipelekea nini, barua? Hakucheka. Sheria ya sarufi anaijua, nilimpima, akainyambua *peleka* vizuri kabisa. Ila hajasoma kurasa za kutosha hata neno likimkwaruza alisikie.

Nilikuwa na hoja ya simu, maana kuna mzazi atasimama aseme simu ndiyo adui. Kwa kifupi: watoto wanasoma kutwa kwenye hizo simu, tatizo vipande ni vifupi mno. Ya bei ya vitabu naiacha, mwenyekiti ananionyesha saa na amekunja uso.

Mwalimu uliyekuwa ukitikisa kichwa, naona umenyoosha mkono. Karibu. Ila lisiwe swali la ufahamu.