Nimesimama Kwenye Daraja la Bi Saloma

Asalaam alaikum, wapenzi watazamaji wangu. Unguja, Pemba, Mombasa, Dar, na nyinyi mlioko Maskati, hamjambo? Leo sikurekodi chumbani. Huo mvumo mnaousikia ni magari ya barabara kuu yanayopita chini ya miguu yangu, na pale kando ni Mto Klang. Niko Kuala Lumpur, Malaysia, juu ya daraja la waenda kwa miguu linaloitwa Pintasan Saloma.

Ngoja niwageuzie kamera. Upande ule ni Kampung Baru, mtaa mkongwe wa Wamalay, bado una nyumba za mbao. Nimetokea huko sasa hivi kula nasi lemak: wali wa nazi, dagaa wa kukaanga, karanga, yai na pilipili. Mtu wa pwani hana ugeni hapo. Upande huu wa pili mnaiona minara pacha ya Petronas. Katikati ni mita 69 za daraja, na jina lake ni la mwanamke mmoja mwimbaji na mwigizaji.

Tazameni umbo la haya mapaa. Wachoraji waliiga sirih junjung, yale majani yanayopangwa kama koni kwenye harusi za Kimalay. Majani gani? Tambuu! Tambuu ile ile ya mabibi zetu. Nilipoambiwa hivyo nilisimama papa hapa nikamkumbuka bibi yangu na kisahani chake cha shaba.

Sasa niwaambie nilivyomjua Bi Saloma. Watu hapa hawamwiti hivyo, mimi ndiye ninayemwita Bi, kama tunavyosema Bi Kidude. Ilikuwa Idd yangu ya kwanza mbali na nyumbani. Niliingia dukani kununua tende, spika ikawa inaimba sauti ya mwanamke, laini, haina haraka, inasema "Selamat Hari Raya". Selamat ni salama yetu, na Hari Raya ni sikukuu. Nililia mbele ya rafu, wallahi. Mwenye duka, mama mtu mzima, makcik kama wanavyowaita hapa, hakuniuliza nalilia nini. Alinishika mkono tu akasema, "Saloma." Tangu siku ile nimemfuatilia.

Jina lake la kuzaliwa ni Salmah binti Ismail. Alizaliwa tarehe 22 Januari 1935 huko Pasir Panjang, Singapore. Enzi ile Singapore ndiyo iliyokuwa moyo wa sinema za Kimalay. Ndugu wa familia ya Shaw, matajiri wa Kichina, walikuwa na studio yao barabara ya Jalan Ampas, na kati ya mwaka 1947 na 1967 zilitoka hapo filamu zaidi ya 150. Pesa za Wachina, waigizaji Wamalay, na waongozaji wa mwanzo wengi wao waliletwa kutoka India. Wale waongozaji walikuja na utaratibu wao: mrembo kwenye picha anachezesha midomo, sauti ni ya mwingine. Sisi tuliokulia na sinema za Kihindi hatuna haja ya kuelezwa. Lata Mangeshkar alikuwa anaimba, machozi yanamtoka mtu mwingine.

Basi Salmah alikuwa mmoja wa hao wenye sauti. Watu walimpenda kwa masikio kabla hawajamwona kwa macho. Na walipomwona, jamani! Kebaya, ile blauzi ya Kimalay, imemkaa barabara, sketi imembana mpaka magotini kisha imefunguka kama mkia wa samaki, nywele zimetengenezwa, shingo imenyooka. Magazeti yakamlinganisha na Marilyn Monroe. Mimi ulinganisho huo siupendi. Yule mama alikuwa na haiba yake mwenyewe, hakuhitaji kuazima ya Mmarekani.

Kama mnataka kumwona akiigiza, tafuteni Seniman Bujang Lapok ya mwaka 1961. Ni vichekesho: makapera watatu wanakwenda kuomba kazi ya uigizaji studio. Wanaishi kwenye nyumba ya kupanga, vyumba vimebanana, ukuta mwembamba, huyu anapiga tarumbeta, yule anagombana na mkewe. Uswahilini kabisa! Bi Saloma ni mpenzi wa mmoja wao, na kwenye filamu anaitwa Salmah, jina lake mwenyewe. Nitasema ninavyoona: kwa kulia na kuumia mbele ya kamera, waigizaji wenzake Saadiah na Latifah Omar walikuwa na uzito kuliko yeye. Lakini Bi Saloma akitabasamu tu, unasahau nani mwingine yuko kwenye picha.

Huyo mpenzi wake wa filamuni, ambaye ndiye aliyeiongoza filamu hiyo, alikuwa P. Ramlee: mwigizaji, mwimbaji, mtunzi, mwongozaji, yote mtu mmoja. Bi Saloma alikuwa ameshaolewa na kuachika, mume wa kwanza alikuwa mchekeshaji A. R. Tompel. Mwaka huo huo wa 1961 akafunga ndoa na Ramlee. Wana wimbo mmoja wa kujibizana uliojengwa juu ya methali ya Kimalay: hata ulimi huumwa na meno yake, seuze mume na mke. Nilipofasiriwa nikasema, hiyo kwetu ni vyombo kabatini havikosi kugongana!

Hapa ndipo pananiuma. Mwaka 1964 waliiacha Singapore wakahamia huku Kuala Lumpur, Ramlee akafanye kazi studio ya Merdeka. Ndugu zangu, nyota yao ikaanza kufifia. Vifaa havikuwa kama vya Jalan Ampas, filamu zilibaki nyeusi na nyeupe wakati watazamaji wameshaonja rangi za Hong Kong, India na Indonesia. Vijana nao wamehamia kwenye magitaa ya umeme. Watu waliokuwa wakijaza kumbi kwa ajili yao wakaanza kuwaona wamepitwa na wakati. Tarehe 29 Mei 1973 Ramlee akafariki kwa moyo. Umri wake miaka 44.

Nyumba waliyokaa iko Setapak, siku hizi ni makumbusho, nilishakwenda. Ni nyumba ya kawaida tu. Nilitembea mle ndani taratibu nikiwaza huyu mwanamke aliyebaki. Sauti iliyokuwa inajibu sauti yake haipo tena, na yeye kazi yake ni kusimama mbele ya watu aimbe. Mwaka 1978 nchi ikampa cheo cha Biduanita Negara, mwimbaji wa taifa, na yeye ndiye wa kwanza kupewa. Nashukuru hicho alikipata angali hai. Alifariki tarehe 18 Aprili 1983, miaka 48, ini lilikuwa limemshinda. Mwaka 1990 marehemu Ramlee akatunukiwa Tan Sri, cheo cha heshima cha hapa, na mkewe naye akawa Puan Sri, jina la heshima la mke wa Tan Sri, akiwa kaburini miaka saba. Daraja hili likafunguliwa 2020.

Kila ninapopita hapa nawaona vijana wanapiga picha, hasa usiku taa zinapowaka na kubadilika rangi. Wengi hawanyanyui macho kulisoma jina. Lakini Idd ikifika wataimba naye, wajue wasijue.

Haya, nimeshavuka. Mnauona huu ukuta na hii miti? Ni makaburi ya Waislamu ya Jalan Ampang. Ramlee yuko humu, na Bi Saloma yuko humu, hatua chache kutoka kwenye daraja lake. Nimekuja asubuhi makusudi, pakiwa bado patulivu. Kamera naizima hapa mlangoni, sipendi kurekodi makaburini. Nakwenda kumsomea Fatiha.