Kugombea Namba: Ushindani wa Wachezaji wa Timu Moja

Mheshimiwa Mwenyekiti, wanamichezo wenzangu, mabibi na mabwana,

Katika jiji hili, ambalo Simba na Yanga zimeligawa pande mbili, tumezoea kujadili upinzani wa klabu kwa klabu. Jioni ya leo naomba tuwatazame wapinzani wanaovaa jezi moja, ambao kwa maoni yangu huijenga au kuibomoa timu kutegemea kama wanahitajiana wakati mchezo ukiendelea.

Mwaka 1988, Ayrton Senna na Alain Prost, madereva wa McLaren, walishinda mbio 15 kati ya 16 za magari za Formula 1. Mwaka uliofuata waligongana Suzuka, Japani, kisha Prost akahamia Ferrari; hata hivyo, timu ilitwaa taji la waundaji, yaani la timu bora, miaka yote miwili, kwa kuwa kila mmoja aliendesha gari lake na hakuna aliyesubiri pasi ya mwenzake.

Katika soka, Andy Cole na Teddy Sheringham wa Manchester United hawakuwa wakisemezana, lakini mwaka 1999 klabu yao ilitwaa mataji matatu makubwa. Wengi hutumia mfano huu kudai kwamba uhasama hauna madhara. Mimi sikubali: Cole alizoea kucheza pamoja na Dwight Yorke, na katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Bayern Munich, Sheringham alitokea benchi ndipo akasawazisha. Waligombea namba zaidi kuliko walivyotegemeana.

Makipa nao hugombea namba moja tu, ingawa kipa wa akiba ndiye anayempigia mwenzake mipira ya kumpasha misuli kabla ya mechi, na akipiga kwa kinyongo, mwenzake huingia uwanjani hajawa tayari.

Winga na mshambuliaji wanaowania ufungaji bora ni habari nyingine kabisa. Winga amefika karibu na mstari wa goli, kipa amemfuata, na mwenzake amesimama peke yake katikati ya boksi. Uamuzi wa kupasia au kupiga mwenyewe hautoi muda wa kutafakari, hivyo mazoea ndiyo huamua. Ikiwa posho na sifa zote humwendea mfungaji, atapiga. Kocha anayeitaka pasi ile hana budi kuisifu mazoezini mbele ya kikosi kizima, na uongozi uiandike pasi ya bao katika mkataba, sambamba na bao lenyewe.