Mwalimu wa Kasulu Ameuliza: Shule za Winooski Ni za Ngapi?

Watazamaji wangu wa Kigoma, Bujumbura, Uvira na kwingineko, habari za huko. Mimi niko Winooski, katika jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na theluji mnayoiona nyuma yangu imefunika ngazi za nyumba tangu jana usiku. Katika video iliyopita niliwaonyesha jengo la shule wanamosoma wanangu wawili, na mwalimu mmoja wa Kasulu akaniuliza swali fupi: "Dada, hiyo shule ni ya ngapi kimkoa?" Nilianza kumjibu kwa sentensi mbili, nikazifuta, nikaona afadhali niwashe kamera.

Jibu la haraka ni kwamba iko chini. Mitihani ya jimbo ya kusoma na hisabati huiweka Winooski chini ya wastani wa Vermont, na hali hiyo si ya mwaka mmoja. Hata hivyo, mwalimu wangu, nikiishia hapo nitakuwa nimekupotosha kwa kusema kweli, kwa sababu namba hiyo haikuambii shule hizi zinaendeshwaje, nani anazilipia, wala ni watoto gani wanaokalia madawati yake.

Winooski ni mji mdogo mno. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 7,997, nao wamebanana katika eneo la kilomita za mraba zisizozidi nne. Jina lenyewe linatokana na lugha ya Waabenaki, wenyeji wa asili wa nchi hii, na linahusu vitunguu pori vilivyokuwa vikiota kando ya mto. Ng'ambo ya mto huo kuna Burlington, mji mkubwa kuliko yote jimboni. Viwanda vya sufu viliwaleta hapa Wakanada wenye asili ya Kifaransa, na vilipofungwa mwaka 1954 zikabaki nyumba za wafanyakazi, ambamo miongo kadhaa baadaye walipangishwa wakimbizi kutoka Vietnam, Bosnia, Bhutan, Somalia, Kongo na Burundi. Kwa hiyo, katika jimbo ambalo karibu kila uso ni wa mzungu, Winooski ndiyo wilaya ya kwanza ya shule ambayo wanafunzi wasio wazungu ndio wengi. Kuanzia chekechea hadi kidato cha mwisho, watoto wapatao mia nane wanasoma katika kiwanja kimoja, kwenye majengo yaliyokarabatiwa na kupanuliwa kwa mkopo wa dola milioni 57.8 ambao wapiga kura wa mji huu waliuidhinisha wenyewe mwaka 2019.

Hilo neno wilaya lisiwachanganye. Wilaya ya shule hapa si ofisi ya mkuu wa wilaya, wala hakuna afisa elimu anayepokea maelekezo kutoka wizarani na kuyashusha hadi kwa mratibu wa kata. Ni serikali ndogo inayojitegemea, yenye kazi moja tu, yaani kuendesha shule. Wakazi huchagua bodi, bodi humwajiri msimamizi mkuu wa shule, na msimamizi huyo ndiye bosi wa walimu wakuu. Mwalimu hapangiwi kituo na serikali kuu kama ilivyo Tanzania, wala na tume ya taifa kama ilivyo Kenya. Huomba kazi kwa wilaya anayoitaka, akaingia mkataba nayo, na akitaka kuhama huanza kuomba upya kwingine. Serikali ya jimbo huweka viwango vya elimu na leseni za walimu, na serikali kuu ya Washington huleta fungu dogo la fedha lenye masharti mengi.

Uhuru huo wa wilaya si wa kwenye karatasi tu. Mwaka 2025, hofu ya maofisa wa uhamiaji ilipoenea katika familia nyingi, bodi ya Winooski ilipitisha sera inayowazuia watumishi wa shule kuwaruhusu maofisa hao kuingia bila hati iliyotiwa saini na hakimu. Mwaka huohuo msimamizi mkuu, Wilmer Chavarria, mzaliwa wa Nicaragua, alikataa hadharani kutia saini tamko ambalo wizara ya elimu ya Marekani ililitaka kuhusu mipango ya usawa na ujumuishi. Sijui ni afisa elimu gani wa kwetu angethubutu, na sisemi hivyo kumdharau mtu. Mnyororo wa ajira ndio unaotofautiana.

Sasa fedha, na hapa naomba subira yenu, kwa kuwa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Zamani kila mji wa Vermont ulisomesha watoto wake hasa kwa kodi ya majengo na ardhi ya mji huohuo, hivyo mji wenye hoteli za michezo ya theluji ulipata fedha nyingi kwa kodi ndogo, na mji wa vibarua ukajikamua na bado usitosheke. Februari 1997 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua, katika kesi inayojulikana kwa jina la Brigham, kwamba utaratibu huo ulivunja katiba. Mwaka huohuo bunge la jimbo likatunga sheria namba 60: kodi za shule, pamoja na mapato mengine kama ya bahati nasibu, zinaingia katika mfuko mmoja wa elimu wa jimbo zima. Wakazi wa kila wilaya hupiga kura kuamua watatumia kiasi gani, na kiwango chao cha kodi hutegemea matumizi kwa kila mwanafunzi, si utajiri wa majumba ya mji wao.

Mtaona mara moja kwamba kila kitu kinategemea namna ya kuwahesabu wanafunzi. Mtoto anayejifunza Kiingereza anagharimu zaidi, maana anahitaji walimu wa ziada, wakalimani, na wakati mwingine mtu wa kumfundisha kushika penseli akiwa na miaka kumi na mitatu. Sheria ililitambua hilo kwa kumwongezea uzito katika hesabu, lakini uzito huo ulikuwa 0.2 tu. Watoto kumi wa aina hiyo walihesabiwa kama kumi na wawili. Wilaya kama Winooski zilipigia kelele jambo hilo kwa miaka, utafiti ulioagizwa na bunge ukazipa haki mwaka 2019, na sheria namba 127 ya mwaka 2022 ikapandisha uzito huo hadi 2.49, ikaanza kutumika Julai 2024. Watoto kumi walewale, madawati yaleyale, sasa wanahesabiwa kama karibu thelathini na watano. Mtoto wa familia maskini naye ameongezewa 1.03 badala ya 0.25. Mgawanyo ukifanywa kwa idadi kubwa zaidi, matumizi kwa kila mwanafunzi yanaonekana madogo, na mji wa watu wa kipato cha chini unaweza kuajiri walimu unaowahitaji bila kodi kuwaumiza wenye nyumba.

Nawaza mara nyingi juu ya hiyo miaka ya 0.2. Matokeo yale yaliyokuwa chini yalisomwa hadharani kila mwaka kama kosa la walimu na watoto, na huku fomyula yenyewe ikimhesabu mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kana kwamba anahitaji msaada wa moja ya tano tu zaidi ya mwenzake aliyezaliwa hapa akisomewa hadithi za Kiingereza kitandani.

Bajeti ya shule hupigiwa kura Jumanne ya kwanza ya Machi, siku ambayo miji ya Vermont hufanya mikutano yake ya mwaka. Karatasi ya kura huwa na kiasi kamili cha fedha, nawe unajibu ndiyo au hapana. Wakazi wakikataa, bodi hupunguza matumizi na kurudi kwao tena, hata mara tatu au nne, na ikifika Julai bila muafaka, wilaya inaruhusiwa kujiendesha kwa mkopo usiozidi asilimia 87 ya bajeti ya mwaka uliotangulia. Si mchezo wa kuigiza. Machi 2024, kodi zilipopanda kwa kishindo, karibu theluthi moja ya bajeti za shule za Vermont zilikataliwa siku moja.

Mimi nimepiga kura hiyo, nami si raia wa Marekani. Wengi wenu mtashtuka, kama nilivyoshtuka jirani yangu aliponieleza. Wapiga kura wa Winooski waliamua Novemba 2020 kwamba mkazi yeyote halali, mwenye uraia au asiye nao, apige kura katika mambo ya mji na ya shule. Gavana Phil Scott aliukataa uamuzi huo, bunge la jimbo likampiku kwa theluthi mbili Juni 2021, na Machi 2022 majirani zangu wasio raia wakaingia kituoni kwa mara ya kwanza. Rais hatumchagui, wala gavana, wala mbunge. Tunachagua bodi ya shule na kuamua bajeti yake, na nawaambieni kwa dhati kwamba kwa mzazi hiyo ndiyo kura iliyo karibu zaidi na sahani ya mtoto, ingawa sahani yenyewe ni bure, maana tangu 2023 sheria ya jimbo inampa kila mwanafunzi kifungua kinywa na chakula cha mchana bila kuuliza kipato cha mzazi.

Tukirudi kwenye swali la mwalimu: wanafunzi hupimwa kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, kisha mara moja sekondari. Mtoto aliyewasili karibuni anaweza kusamehewa mtihani wa kusoma kwa mwaka wake wa kwanza. Mwaka unaofuata anakaa pamoja na wengine. Wataalamu wa lugha wamesema kwa muda mrefu kwamba Kiingereza cha darasani, tofauti na cha uwanjani, huchukua miaka mitano hadi saba. Zaidi ya hapo, mtoto akishafuzu huondolewa katika kundi la wanaojifunza Kiingereza, na nafasi yake huchukuliwa na mgeni mwingine, kwa hiyo ni vigumu kundi hilo kuonekana limepanda hata kama kila mtoto ndani yake anapanda. Ndiyo maana mimi huangalia kwanza kipimo kingine, mtihani wa kila mwaka wa kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika Kiingereza, unaoonyesha mtoto mmoja amesogea hatua ngapi tangu mwaka jana.

Msinielewe kwamba nawatafutia visingizio. Kama kuna mtoto aliyeanza hapa chekechea, akafika darasa la sita bila kusoma aya moja na kuielewa, ukimbizi wa wazazi wake si jibu tena, na swali hilo bodi inapaswa kuulizwa kwa sauti, mkutanoni, na sisi tunaoipigia kura. Wazazi wetu wengi hawaendi. Wengine wako zamu ya usiku, wengine wamelelewa kuamini kwamba mwalimu hahojiwi. Wilaya ina watumishi wa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, wanaounganisha nyumba na shule, na watu hapa huwaita wakalimani tu japo kazi yao inazidi ukalimani. Mama mmoja wa Uvira ninayemfahamu husema "batoto", mimi nasema watoto, lakini barua ya shule ikisomwa kwa Kiswahili sote wawili tunajua siku ya mkutano ni ipi.

Julai 2025 gavana alitia saini sheria namba 73, inayokusudia kuunganisha wilaya ndogo za Vermont, ambazo ni zaidi ya mia moja, ziwe chache na kubwa, na kuifanya serikali ya jimbo ipange kiasi cha kila mwanafunzi kuanzia mwaka 2028, masharti yake yakitimia. Wanaoitetea wanasema kodi zimewachosha watu na idadi ya watoto inapungua, na hayo yote ni kweli. Nami najiuliza kuhusu kura yangu. Haki ya asiye raia imeandikwa katika hati ya mji wa Winooski, yaani sheria yake ya msingi, na miji mingi ya jirani haina kifungu cha namna hiyo. Siku shule hizi zitakapowekwa chini ya bodi moja na za miji hiyo, mama wa Uvira atasimama katika foleni gani? Nimepeleka swali hilo kwa maandishi kwenye bodi, na wakilijibu nitawasomea jibu lao hapahapa, neno kwa neno.